Gari ya Misisi haitengenezwi asubuhi ya safari

Ndugu wachimbaji wa Misisi na Lulimba, na ninyi mama na watoto mliobaki Uvira, mnajua vizuri: kila mwisho wa mwezi wa nane njia ya Fizi inajaa watoto. Wale waliokwenda kupitisha likizo kwa baba zao kwenye machimbo wanarudi mjini, juu masomo yanaanza mwanzo wa mwezi wa tisa. Magari ni machache, watu ni wengi, na kila mwenye gari anataka kupiga safari mbili mahali pa moja mbele ya mvua kurudi.

Sisi wa sindika ya wachimbaji tumezoea kuongea juu ya mashimo. Tunasema: usishuke kama miti inayoshikilia shimo imeoza. Usishuke kama mashini ya hewa imekufa. Gonga mwamba, sikiliza, kiisha ingia. Lakini sisi wenyewe, siku ya safari, tulikuwa tunapanda gari yoyote bila kuuliza hata swali moja. Tulikuwa tunauliza tu: "Inaondoka saa ngapi?"

Leo tunaongea juu ya gari. Mchimbaji aliyevunjika mguu ndani ya gari hana tofauti na yule aliyevunjika shimoni. Wote wawili wanabaki nyumbani, na mara nyingi wote wawili hakuna mtu wa kuwalipa.

Kilichotufundisha

Miaka miwili iliyopita, wenzetu walitoka Misisi usiku, saa tisa, ndani ya pikapu moja. Mwenye gari alisema imetengenezwa. Nani aliitengeneza, lini, alibadilisha nini? Hakuna aliyeuliza. Watu walikaa juu ya mizigo, sawa vile tunafanya siku zote.

Walipopita Fizi, kwenye mteremko wa kushuka Baraka, pedali ya freni ilienda mpaka chini na gari haikusimama. Shofere alikuwa na akili: aliigongesha upande wa mlima, hakuiacha iende upande wa bonde. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mwenzetu mmoja aliyekuwa juu ya magunia alirushwa chini na paja likavunjika. Miezi saba hakushuka shimoni. Mke wake aliuza mashini yake ya kushona. Mtoto wao wa kwanza alikosa mwaka mzima wa masomo.

Tulipokwenda kumuona mwenye gari, alituambia: "Ni mapenzi ya Mungu." Fundi aliyefungua magurudumu alituonyesha plaketi za freni: zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Mafuta ya freni yalikuwa meusi sawa kahawa. Si Mungu aliyekula zile plaketi.

Tangu siku ile kamati yetu ilikata neno moja: gari yoyote ambayo sindika inakodi, inaangaliwa siku mbili mbele ya safari, mchana, na fundi ambaye sisi wenyewe tumemchagua. Mbele ya fundi wanakaa watu wawili: mmoja wa kamati na mama mmoja kati ya wale watakaosafiri.

Siku mbili ndani ya garaji

Mwaka huu tulikodi Land Cruiser moja ya zamani kwenda Misisi kuchukua watoto. Siku ya Alhamisi asubuhi tuliipeleka garaji, hapa Mulongwe. Tunawaandikia yale tuliyoangalia, ili mtu yeyote aweze kuyafanya, hata kama hajui kuendesha.

Tulianza na pine. Kila pine iko na namba ubavuni, na mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, pine ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haukutembea, sawa kamba iliyokaa juani. Pine inaweza kuwa na meno mazuri na bado imekufa. Pinda kidogo ubavu wake, uangalie kama kuna nyufa ndogondogo. Upepo unapimwa asubuhi, pine ikiwa baridi, juu ikishatembea inapata moto na kipimo kinadanganya. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye kibao kidogo, mara nyingi pembeni ya mlango wa shofere. Kiisha uliza pine ya akiba iko wapi. Usikubali kuambiwa ipo. Ishushwe, ipimwe upepo, na kriki ijaribiwe palepale. Kriki iliyoharibika ni chuma cha bure tu.

Kutoka pine tulikwenda kwa freni. Moteri ikiwaka, gari imesimama, shofere akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia wakati unahesabu mpaka 30. Kama inazama polepole chini ya mguu, kuna mahali mafuta yanatoroka. Kiisha magurudumu yote manne yafunguliwe. Mafuta ya freni nayo yako na desturi yake: yanavuta maji kutoka hewani. Yakizeeka, na gari ikishuka mteremko mrefu, maji yale yanachemka ndani ya mifereji, yanakuwa mapovu, na pedali inaenda chini. Njo vile inatokea kwa gari ambayo asubuhi ilikuwa inasimama vizuri. Na mtu asijazie mafuta ya moteri mahali pa mafuta ya freni. Yanavimbisha mipira ya ndani na kuiua.

Tuliangalia maji na mafuta ya moteri, moteri ikiwa baridi. Radiateri haifunguliwi ikiwa na moto, imeshachoma nyuso za vijana wengi. Kurua ya feni tuliikunja kwa mkono: ilikuwa na nyufa, tukabadilisha, na ile ya zamani tukaiweka chini ya kiti kwa akiba. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe; fundi alivisafisha kwa maji ya moto na kuvikaza.

Mazutu tuliyapima kwa chupa. Jaza chupa nyeupe, uiache kwa saa moja bila kuigusa. Kama kuna maji, yanakaa chini na mazutu yanabaki juu, unaona mstari. Mazutu yenye maji yatazima gari katikati ya pori, na pori lile mnalijua.

Volani ya kuume, njia ya kuume

Magari mengi ya kwetu yanapitia Dar es Salaam, na volani iko kuume. Sisi Kongo tunatembea kuume vilevile. Maana yake, shofere akiwa nyuma ya kamio haoni kitu mbele mpaka gari yake yote imetoka nje. Yule aliyekaa mbele upande wa kushoto njo jicho lake. Sisi tunakubaliana mbele ya safari nani atakaa pale: mtu mzima, hakunywa pombe, halali. Kile kiti si cha mtoto, wala si cha mgeni wa heshima anayetaka kusinzia.

Taa za magari hayo pia zilitengenezwa kwa nchi zinazotembea kushoto. Hata zikiwa chini, mwangaza wake unaelekea kushoto, ndani ya macho ya anayekuja. Fundi anaweza kuzishusha kidogo, lakini dawa kubwa ni kutotembea usiku. Wale wanaotoka saa tisa ya usiku wanasema wanakimbia bariyeri. Tunawaelewa. Bariyeri zinakula pesa, na shofere anataka kuzirudisha kwa mwendo. Lakini bariyeri inakula pesa tu. Mteremko wa Fizi unakula watu.

Mteremko uko na sheria moja ambayo abiria wote waijue: unashuka na vitesi ile ungepandia, ya kwanza au ya pili, moteri inashikilia gari, freni zinapumzika. Kuna mashofere wanaotia pwemori na kuzima moteri ili kuokoa mazutu. Moteri ikizimwa, msaada wa freni unapotea, volani inakuwa nzito sawa jiwe. Ukisikia moteri imenyamaza kwenye mteremko, sema kwa sauti. Si aibu.

Mzigo: fanyeni hesabu

Watu 15 wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 975. Hiyo ni karibu tani moja, na bado hujapakia hata mfuko mmoja wa ndagala. Pikapu nyingi za kawaida zilitengenezwa kubeba karibu tani moja tu, watu na vitu pamoja. Ukiongeza magunia sita ya kilo 100, ujue resori, pine na freni zote zinabeba kazi ambayo si yao. Na watu wakikaa juu ya magunia, gari inakuwa na kichwa kizito: kwenye kona inataka kulala.

Sisi tuliandika majina ya watu kwenye karatasi, tukapima magunia kwa mizani, kisha tukakataa mengine. Unga wa mihogo ulibaki Uvira na ulifuata na kamio. Watu walikasirika. Tulikubali wakasirike.

Kuna mzigo mmoja ambao hatubebi kabisa pamoja na watu: bidoni za esansi. Tunajua motopompe za machimboni zinaihitaji. Lakini mvuke wake unajaa ndani ya gari, na sigara moja inatosha. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa hilo na mgeni. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kule Sange, kamio ya esansi ilipinduka kwenye hii hii barabara ya taifa namba 5. Watu walikuja kuchota, wengine walikuwa karibu wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwaka, na watu zaidi ya 200 walikufa. Esansi iende na gari yake, bila abiria. Na mkiona kamio ya esansi imelala njiani, ondokeni mbali pamoja na watoto, hata kama majirani wote wanakimbilia pale na ndoo.

Na yule anayebeba zebaki ya kukamatia dhahabu, asiifiche ndani ya mfuko wa unga wala wa nguo za watoto. Ni sumu.

Milima inanyesha, ziwa linakauka

Njia ya Uvira mpaka Baraka ni kama kilomita 90. Kutoka Kalundu unaishikilia kando ya Tanganyika: Makobola, Swima, Mboko, Lusenda. Mlima uko kuume, ziwa liko kushoto, na mito inashuka kutoka milimani kwa mbio. Hapo njo wageni wanadanganyika. Kando ya ziwa jua linawaka, vumbi linaruka, kumbe juu milimani mvua imenyesha, na mto unaleta maji ambayo hukuyaona yakianguka. Sisi wa Uvira tuliuona Mulongwe, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, ulivyobeba nyumba na watu katikati ya mji.

Kwa hiyo, mahali ambapo daraja halipo au limeharibika, gari inasimama kwanza. Shofere anashuka, anaangalia rangi ya maji na miti inayopita. Maji yakiwa mekundu na yanaleta magogo, mnangoja. Yakiwa yametulia, mtu mzima anapima na fimbo. Maji yanayokimbia yakifika magotini, hamvuki, hata kama gari nyingine imevuka mbele yenu. Mara nyingi mto wa namna hiyo unashuka baada ya saa chache. Na mkishavuka, shofere akanyage freni polepole mara tatu nne ili zikauke, juu freni zenye maji hazishiki.

Ugomvi wa pine moja

Turudi garaji. Ijumaa mchana kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa pine ya nyuma upande wa kushoto. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka 2011 na nyufa zilionekana bila kuvaa miwani. Mwenye gari alisema: "Lakini bado iko na meno!" Fundi alisema hatatia mkono wake kwenye karatasi yetu. Mwenye gari akasema hana pesa, na kama hatutaki, kuna watu wengine kumi wanaoitaka gari yake asubuhi. Alikuwa anasema ukweli.

Abiria nao walianza kunung'unika. Mama mmoja alituambia mbele ya watu wote: "Batoto banaanza masomo Siku ya Kwanza, na ninyi munasoma tarehe ya pine?" Hatukuwa na jibu zuri. Mtoto wa mchimbaji akichelewa darasani, wanamuona sawa mtoto wa pori, na mama yule alikuwa anajua.

Yule mwenzetu aliyevunjika paja alikuwa pale. Sasa anatembea na fimbo, kazi yake ni kupima mchanga pembeni ya shimo, na malipo yake ni nusu ya yale ya zamani. Alimwambia yule mama, kwa heshima: "Mama, mimi nilipoteza miezi saba. Siku moja tutaivumilia." Mama hakujibu. Alikaa chini kwenye benchi, na mwisho alikuwa wa kwanza kutoa pesa.

Tulifanya hivi: abiria wanne walilipa nauli yao yote mapema, na pesa ile ilinunua pine. Tuliandika karatasi, mwenye gari akatia sahihi kwamba wale wanne wameshalipa. Yeye hakupoteza kitu: pine imebaki kwake. Sisi hatukupoteza kitu: nauli tungeilipa tu. Lakini pine ilipatikana Jumamosi jioni, na safari ya Jumamosi asubuhi ilikuwa imeshakufa. Tuliondoka Siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi, jua likitoka.

Swima tulisimama kukaza boloti za magurudumu, juu gurudumu lililofunguliwa jana lazima likazwe tena baada ya kilomita chache. Boloti mbili zilikuwa zimelegea. Shofere alituangalia, akacheka kidogo, akazikaza.

Watoto walifika Uvira Siku ya Tatu, wote tisa, wamejaa vumbi. Masomo yalikuwa yameshaanza. Hatusemi kwamba hiyo si kitu. Tulikwenda na wazazi kuwaona wakubwa wa masomo na kuomba watoto wapokelewe bila adhabu. Walipokelewa.

Maswali matano

Wenzetu wanatuuliza: sindika haiwezi kuwa kwenye kila garaji, tufanye nini? Tunawajibu: ulizeni maswali matano mbele ya kutoa nauli. Pine ni za mwaka gani, na ya akiba iko wapi? Freni zilifunguliwa lini, na nani? Tuko watu wangapi, na mzigo ni kilo ngapi? Kuna esansi ndani? Asiransi iko na tarehe gani? Hili la mwisho msilidharau. Asiransi ya gari ni lazima kwa sheria, na bila karatasi ile, aliyeumia anabaki kuomba huruma. Mtu mmoja wenu aandike namba ya gari na namba ya asiransi kwenye kikaratasi, na amwachie mtu anayebaki nyumbani.

Na kama majibu ni mabaya, msikatae mmoja mmoja. Mtu mmoja akikataa, anaachwa kwenye vumbi na nafasi yake inauzwa. Watu kumi wakikataa pamoja, gari inarudi garaji. Tulijifunza hilo shimoni, siku tuliposimama wote juu ya mdomo wa shimo na kusema hatushuki mpaka miti ibadilishwe. Miti ilibadilishwa.

Mwenye gari si adui yetu. Yeye pia anabanwa na bariyeri, na bei ya mazutu, na njia mbovu. Lakini ndani ya gari yake kuna miguu yetu, na mguu wa mchimbaji hauna pine ya akiba.

Mwezi wa kumi na mbili watoto watapanda tena kwenda kwa baba zao kwa Noeli, na wakati ule mvua itakuwa imeshaharibu njia. Kamati itaanza kuangalia magari juma moja mbele. Mama mwenye nafasi, aje akae na sisi garaji. Tutamtafutia kiti.